Naomba ushauri: kwa nini handikapu yangu ni 18.1 ilhali wastani wangu uko juu zaidi?

Muuliza swali: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeanza gofu hivi karibuni, na baada ya kurudisha kadi 3 za mashimo 18 nimepewa indeksi ya handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, kinachoamua apunguziwe mikwaju mingapi) ya 18.1. Zote nilizicheza kwenye uwanja mmoja wa pa 72 (pa ni idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa shimo au uwanja mzima), nikapiga mikwaju 94, 98 na 101, yaani wastani wa takriban 26 juu ya pa. Nahofia pamekosewa, nami sitaki kuingia kwenye mashindano kwa handikapu nisiyoiweza. Kadi inaonyesha kadirio la uwanja 71.2 na slopu 128, ila sijui vinatumikaje.

Jibu la 1: Hapakukosewa, ndugu. Handikapu haipimi wastani wako, bali uwezo unaouonyesha siku unapocheza vizuri. Chukua 94, toa kadirio la uwanja 71.2, yaani mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji stadi hapo, upate 22.8, zidisha kwa 113, ambayo ndiyo slopu ya uwanja wa ugumu wa kawaida, kisha gawanya kwa 128, slopu ya uwanja wako (slopu hupima uwanja unavyomlemea mchezaji wa kawaida kuliko stadi). Jibu ni 20.1, nalo huitwa tofauti ya raundi hiyo. Kwa 98 utapata 23.7. Mwenye kadi 3 tu huchukuliwa tofauti iliyo ndogo kuliko zote na kupunguziwa 2.0, ndiyo maana umepata 18.1.

Muuliza swali: Ahsante sana, nimekokotoa na imekubali. Lakini 101 inanipa 26.3, na kumbukumbu zangu zinasema 25.4.

Jibu la 2: Je, kuna shimo uliloharibikiwa sana siku hiyo? Mchezaji asiye na handikapu bado haandikiwi zaidi ya pa na 5 kwa shimo moja.

Muuliza swali: Lipo. Shimo la pa 4, mpira ulizama mchangani chini kabisa ya ukingo, nikaupiga mara nne kabla haujatoka. Nilimaliza kwa mikwaju 10.

Jibu la 2: Basi ilihesabiwa 9, na raundi ikawa 100. Kuanzia sasa kikomo ni pa, jumlisha 2, jumlisha mikwaju unayopewa (unayopunguziwa kwa handikapu) kwenye shimo hilo. Na kwenye uwanja huohuo hupewi 18: zidisha 18.1 kwa 128, gawanya kwa 113, kisha ongeza tofauti ya 71.2 na 72, ambayo ni hasi 0.8. Inakuwa 19.7, yaani mikwaju 20: mmoja kila shimo, na wa pili kwenye mashimo 2 magumu zaidi.

Jibu la 3: Naongeza jambo moja ninalolisisitiza kwa kila anayeanza: rudisha kadi zote, hata zile zinazokuumiza moyo. Ukifikisha raundi 20, indeksi itakuwa wastani wa tofauti 8 bora kati ya 20 za karibuni, na hapo itatulia. Kwa sasa kadi 3 ni chache mno, kwa hiyo usishangae ikipanda ndani ya wiki chache zijazo.