Moduli ya Apache: kila prosesi inahesabu kivyake, nifanyeje?

alizeti_dom
Mbukwenyi wakuu. Niko Nkuhungu hapa, nimeandika kamoduli (kipande cha kuongezea) ka Apache, ile seva ya wavuti, kwa lugha ya C, kazi yake kuhesabu kila mteja ameuliza bei ya mahindi ya Kibaigwa mara ngapi kwa siku, akizidisha namfungia. Sasa nikirifreshi naona 7, tena 3, halafu 8, yaani haieleweki. Variabo ni static, iko juu kabisa ya faili. Na nataka isipotee nikiristati

fundi_wa_kizota
Unatumia prefork bila shaka, ile namna ya Apache kuzaa prosesi nyingi za kuhudumia wateja. Mtoto (prosesi mpya) akizaliwa kwa fork() anapata kopi yake, akiandika wenzake hawaoni kitu. Omba memori ya pamoja kwa apr_shm_create ndani ya post_config (hatua ya baada ya kusoma mipangilio), mzazi akiwa hajazaa bado, watoto watairithi. Ukiiomba kwenye child_init (hatua ya kila mtoto akianza) umerudi kulekule

mamaTEHAMA
Na kufuli usisahau mdogo wangu, maana watoto wawili wakisoma 41 kwa pamoja wote wanaandika 42, moja imeliwa. Tumia apr_global_mutex, ifungulie tena kwa kila mtoto kwenye child_init. Halafu kuna hili linasumbua wengi: seva ikiwaka post_config inaitwa mara mbili, ile ya kwanza iruke, uliza ap_state_query ikijibu AP_SQ_MS_CREATE_PRE_CONFIG rudisha OK usepe

alizeti_dom
Shikamoo dada, hesabu imetulia. Ila nikipiga graceful (ristati ya taratibu) inarudi sifuri 😩

mamaTEHAMA
Marahaba. Umeifunga kwenye pconf, ile pool (fungu la memori) ya mipangilio, eeh? Ile pool inafutwa kila ristati, na memori inaondoka nayo. Ifunge kwenye s->process->pool, ile pool ya prosesi mzazi, na anwani yake uiweke humohumo kwa apr_pool_userdata_set, kwa sababu moduli inapakuliwa na kupakiwa upya, hiyo static yako haivuki

fundi_wa_kizota
Hapo itavuka ristati tu, ukizima seva kabisa au Tanesco wakikata imeenda. mod_slotmem_shm, moduli ya Apache yenyewe ya memori ya pamoja, inaweza kutunza kwenye diski, ila umeme ukikatika ghafla usiitegemee. Mi kwa hesabu ya siku moja nisingehangaika, mteja akipata nafasi chache za bure kuna hasara gani? Ingekuwa hela ningeandika kwenye database moja kwa moja

alizeti_dom
Kweli, saa sita usiku inaanza upya hata hivyo. Naifunga kwenye process pool, diski naachana nayo