Naomba ushauri: intaneti ya waya wa simu inakatika kila simu ikiita, nihamie VDSL?

MamaSteshenari: Habari za jioni wakuu. Nina steshenari hapa Morogoro, intaneti yangu inapita kwenye waya wa simu ya mezani. Simu ikiita tu, taa ya DSL (hiyo intaneti ya waya wa simu) kwenye modemu inaanza kupepesa na mtandao unakata dakika mbili tatu. Halafu mteja akileta vyeti nimtumie, skani ya megabaiti 30, tunakaa weee! Muuzaji ananiambia nilipie VDSL ya megabiti 20 na ninunue modemu mpya. Mimi hizi ADSL, VDSL, SHDSL sizielewi, na hela ya kubahatisha sina.

FundiShaba: Dada, usilipe kwanza. Fungua ukurasa wa modemu, nyingi ni 192.168.1.1, uingie sehemu ya hali ya DSL. Tuletee kasi ya kushusha, ya kupandisha, na zile namba mbili za dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi): upotevu wa mawimbi njiani na akiba yake juu ya kelele.

MamaSteshenari: Kushusha kilobiti 3180 kwa sekunde, kupandisha 640, upotevu dB 54, akiba dB 5.

FundiShaba: Asante, hapo pameeleweka. Sauti ya simu inakaa chini, hadi kama kilohezi 4. ADSL, aina ya kawaida, inapita juu yake kwenye waya uleule hadi megahezi 1.1; ADSL2+, toleo lake la baadaye, hadi 2.2; VDSL2, hiyo VDSL ya sasa, hadi 17 na kuzidi. Mawimbi yakiwa ya juu, shaba inayameza upesi. VDSL2 ni tamu sana kwa aliye mita mia tatu kutoka kwenye kabati la mtaani, lile sanduku la kampuni ya simu lenye mitambo ya DSL. Wewe kwa dB 54 una kama kilomita 4 za waya, na waya haupiti njia ya mkato. Umbali huo megabiti 3 ndiyo haki yako. Zile megabiti 24 za ADSL2+ ni za aliye jirani na eksichenji, yaani kituo cha simu. Labda kampuni iwe imeweka kabati jipya karibu na duka. Muulize muuzaji hilo tu, na akujibu kwa mita.

Kupandisha ni taabu kwa sababu ADSL imeumbwa hivyo: nafasi kubwa imepewa kushusha. Kwa 640, megabaiti 30 ni zaidi ya dakika 6 hata laini ikiwa nzima. SHDSL inagawa sawa kwa sawa, ila ni laini ya kukodi ya maofisi, na kwa umbali wako huenda ikahitaji jozi mbili za waya au zaidi ili ipate kasi ya maana. Skani vyeti kwa dpi 200 (nukta kwa inchi), uone faili linavyopungua.

Sasa huko kukatika. Simu ikiita, waya unabeba volti karibu 90. Volti hizo zinaweza kuvuruga intaneti kama simu haina filta, kile kidude kinachotenganisha simu na intaneti. Kuna simu nyingine umeiunga bila filta?

Nguzo_ya_Tatu: Na mvua je? Kwangu maji yaliingia kwenye kiungio juu ya nguzo, nikahangaika miezi nabadilisha modemu bure. Inua mkono wa simu, bonyeza namba yoyote mara moja ili mlio unyamaze, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo, ripoti laini ya simu kuwa ni mbovu. Usiseme intaneti iko taratibu, watakuambia uzime uwashe.

MamaSteshenari: Wakuu, Mungu awabariki. Simu ya stoo! Fundi umeme aliivutia waya kabla ya filta. Nimeichomoa, nikazima na kuwasha modemu: kushusha 3910, akiba 6. Nimejipigia kwa simu ya mkononi mara tatu, taa imetulia. Ila nilivyobonyeza namba na kusikiliza, mkwaruzo upo, kama mtu anakunja karatasi. Kesho asubuhi naripoti. Muuzaji nimemuuliza kabati liko wapi, bado hajajibu.

FundiShaba: Simu ya stoo irudishe, ila na filta yake. Wakishatengeneza kiungio tuletee namba tena.