Timu iko Moshi, Munich na Denver: kuaminiana kunavunjikia wapi?

Mwika_Njiapanda
Wakuu, habari za jioni. Ofisi ya utalii: wanne tuko Moshi tunapanga safari za mlimani, wawili wako Munich wanauza, meneja yuko Denver. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Wao wanalalamika kwamba Moshi hawajibu. Huku tunaona wanatuandikia kwa ukali na hawatuamini. Sasa meneja anataka kuweka programu inayopiga picha skrini zetu kila dakika 10. Tufanyeje kabla mambo hayajafika huko?

Njiro_Kaskazini
Mkuu, anzieni kwenye neno "sawa". Kwetu "sawa" ni nimekusikia, au nakubali, au nitafanya, au namaliza tu mazungumzo kwa heshima. Mwenzako wa Munich akiandikiwa "okay" anaishika kama ahadi. Ijumaa ikifika kazi hakuna, anahesabu ameongopewa, wakati aliyejibu hakuahidi kitu. Hapo hakuna mwongo, lakini imani imeshapungua.

Kila ombi lijibiwe kwa mambo matatu: limepokelewa, nani analo, litakamilika lini. Mfano: "Nimepokea. Vibali vya kundi la njia ya Lemosho viko kwa mtu wa vibali, vitakuwa tayari Alhamisi 15:00 saa za Moshi." Jibu hilo litoke ndani ya saa mbili za kazi, hata kama kazi yenyewe ni ya siku tatu. Mkiona haitawahi, semeni kabla muda haujafika. Ukisema baada ya muda kupita, hata sababu ya kweli inaonekana kisingizio.

Na nyie pia: barua pepe ya Mjerumani isiyo na "habari za asubuhi" si hasira. Anaingia kwenye hoja moja kwa moja, basi. Kila mgeni kazini aambiwe hilo siku ya kwanza, na wale wa Munich waambiwe kwamba mstari mmoja wa salamu huku una uzito.

Saa_za_Moshi
Naunga mkono, ila msisahau tarehe na saa. 03/04 kwa Denver ni tarehe 4 Machi; kwa Moshi na Munich ni 3 Aprili. Hapo wagumu (wapagazi) wanaweza kuwa geti la Londorossi, la kuingilia mlimani, na mizigo, wageni bado wako kwao. Andikeni mwezi kwa herufi: 3 Apr. Uzito vilevile, kilo 15 ni pauni 33, wekeni vyote viwili.

Saa ndiyo mtego mkubwa. Saa tatu yetu ya asubuhi ni 09:00. Mtu akiwa na haraka anaiandika kama 3. Tumieni saa 24 tu. Kikao cha 17:00 Moshi ni 15:00 Munich na 07:00 Denver wakati wao wa baridi. Majira ya joto ni 16:00 na 08:00. Sisi hatusogezi saa. Wao husogeza, tena si siku moja: Marekani Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kikao kikiwekwa kwenye kalenda kwa saa za Denver, wiki hizo za katikati Moshi na Munich watachelewa saa nzima bila kujua. Kiwekeni kwa saa za Moshi.

Dawati_la_Safari
Hiyo programu msiikatae kwa hasira, mpeni meneja kitu bora. Anachotaka ni kujua kazi imefika wapi. Picha za skrini hazitamwonyesha mtu aliyeko stoo akikagua mahema, na nusu ya kazi ya Moshi haiko kwenye kompyuta. Tengenezeni jedwali moja la pamoja: kundi, tarehe, vibali, waongozaji, hoteli, jina la mhusika, hatua. Lijazwe kila siku 16:30, ili Denver akiamka alikute. Umeme ukikatika, meseji moja kwa simu: "umeme hakuna, narudi 14:00".

Utafiti wa Jarvenpaa na Leidner wa 1999, juu ya timu za wanafunzi wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kuaminiana kwa mbali huweza kuja upesi, ila ni kwepesi kuvunjika. Uchangamfu wa mwanzo ulisaidia kuanza. Baadaye kilichokuwa na uzito ni kujibiana kwa wakati unaotabirika.

Mwika_Njiapanda
Nashukuru sana. Na habari mbaya je? Vijana hawathubutu kumwambia meneja mbele ya grupu.

Dawati_la_Safari
Wasilazimishwe kwenye grupu. Meneja ampigie mmoja mmoja, na asiulize "kila kitu kiko sawa?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Aulize: "Kundi la 3 Apr, nini kinaweza kukwama?" Akiletewa tatizo la kwanza, aanze na asante, kisha aulize kinachohitajika, "kwa nini" isubiri mpaka kundi lishuke. Akifoka mara moja tu, tatizo linalofuata atalisikia kwa mgeni.