Ushauri: nipigilie msumari kwenye shina la bangi au ni uzushi?

Mti_Mkavu: Habari wakuu. Niko Leipzig, huku Ujerumani tangu 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea mitatu, kwa hiyo msinitishe na polisi. Nimepanda nje, imestawi, ila ushauri wa mitandaoni unanichanganya. Huyu anasema pigilia msumari shinani karibu na kuvuna eti mmea ukiumia unakuwa mkali, yule mwagia maji ya sukari, mwingine usimwagilie mchana matone yataunguza majani, mwingine nyonyoa majani yote makubwa. Msumari nimeshanunua. Nishike lipi? Hata usingizi sipati.

Bi_Shamba: Msumari tundikia koti. Ukitoboa shina unaufungulia ukungu njia, ukali unatoka kwenye mbegu na mwanga. Matone kuunguza majani ni uzushi, ila asubuhi ni kuzuri, maji hayapotei na jua. Majani makubwa ndiyo yanayolisha mmea, punguza yanayobanana tu hewa ipite, maana mvua za Oktoba huko zinaozesha maua kuanzia ndani, ukishtuka yameshakuwa ya kijivu. Sukari achana nayo. Kagua vifundoni, vinywele viwili vyeupe ni jike, vijifuko vya mviringo ni dume, ng'oa kabla havijapasuka.

Kaka_Mwanza: Dogo, nyumbani wanajua umeenda Ulaya kulima bangi? Binamu yangu alianza hivyo hivyo kidogo kidogo, chuo hakumaliza. Acha.

Dereva_wa_Usiku: Msumari msiudharau jamani, babu yangu Muheza alipigilia kwenye mpapai dume na mwaka ule ule ukazaa, tulikula mpaka tukachoka.

Bi_Shamba: Mipapai mingine hubadilisha maua yenyewe kufuata hali ya hewa. Babu alibahatisha msimu.

Mti_Mkavu: Asante dada. Na taa ya barabarani? Iko karibu kabisa, usiku mimea inamulikwa mpaka asubuhi.

Bi_Shamba: Hilo ni kweli. Mmea wa kawaida unasubiri usiku mrefu ndio uchanue, taa inauvuruga.

Chokonoa: Ngojeni, hii chai. Huyu kwenye uzi wake wa kodi alisema anakaa ghorofa ya nne na hana hata balkoni. Taa ya barabarani inamulika mimea gani?

Mti_Mkavu: Sio chai mkuu. Iko kwenye bustani ya kukodi, zile za chama cha wakodi bustani zenye vibanda, pembeni ya reli. Nyumbani mke hataki harufu na tuna mtoto. Nimezungushia wavu na kufuli nimeweka. Mitatu ni mitatu, sioni tofauti.

Bi_Shamba: Ungeanza na hilo! Sheria inasema mahali unapoishi. Bustani hizo hairuhusiwi kuzifanya makazi, kwa hiyo hata mmea mmoja haufai pale. Umehangaika na msumari wakati uzushi uliokunasa ni huu wa mitatu popote pale.

Chokonoa: Bado siamini. Weka picha ya hilo kufuli.

Mti_Mkavu: Majirani wanaiona kila siku na hakuna aliyelalamika. Nikiihamisha sasa itadumaa, na ngazi zile nitapandaje nayo, yote imenipita kiuno. Mimi niliuliza msumari tu wakuu.

Dereva_wa_Usiku: Ndio na mimi nimekujibu, pigilia.

Bi_Shamba: Msumari nimeshakujibu mdogo wangu. Viongozi wa chama wakija kupima urefu wa uzio utawaambia nini?