Wameng'oa sumaku za gitaa la stili la kabla ya vita, kisha wakaniuzia kwa bei ya gitaa zima

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sina sababu ya kuificha. Duka moja la vyombo vya muziki vya zamani hapa Marekani limenitoza dola 2,200 kwa gitaa la stili la Rickenbacker Model B lenye nyuzi sita, lililotangazwa kuwa limetengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili na kwamba kila kipande chake ni kile kile kilichotoka nacho kiwandani, ilhali kitu kinachotoa sauti ya gitaa hilo kiling'olewa katika karakana yao wenyewe na mahali pake pakawekwa kingine. Duka silitaji, kwa kuwa madai yangu bado yako mikononi mwa benki iliyonipa kadi niliyolipia. Ila sitanyamaza kuhusu jinsi vyombo hivi vinavyoharibiwa na watu wanaojitangaza kuwa mafundi wa kuvikarabati.

Kwa wasiolifahamu, gitaa la stili hulazwa mapajani, na mpigaji hakandamizi nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto bali huteleza juu yake kwa kipande cha chuma, ndiyo maana sauti yake hupanda na kushuka bila kukatika kama ya mtu anayeimba. Upigaji huo ulianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Wengi wetu tuliokulia Kenya tumeisikia sauti hiyo katika nyimbo za kantri zilizopigwa redioni kwa miaka mingi, na waliofuatilia muziki wa Nigeria wameisikia katika bendi ya King Sunny Adé. Mimi nilivutwa nayo na makanisa ya Wamarekani weusi ya House of God, ambako tangu miaka ya 1930 gitaa la stili ndilo linaloongoza ibada badala ya kinanda, na nilikuwa nikitafuta chombo cha kupigia kwaya yetu ya Waswahili hapa Columbus, Ohio.

Kwa nini basi Rickenbacker na si jingine la bei nafuu? Kwa sababu gitaa la umeme lilipata njia ya kuingia sokoni kupitia gitaa hili la mapajani. Mwaka 1931 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walianzisha kampuni yao Los Angeles, na mwaka uliofuata wakaanza kuuza gitaa la alumini lililosubuliwa kwa kipande kimoja, ambalo kwa umbo lake la duara na mkono mrefu wapigaji walilibandika jina la Kikaango. Alumini ilikuwa na taabu yake, kwani chini ya taa kali za jukwaani ilitanuka na nyuzi zikapoteza sauti zake katikati ya wimbo. Mwaka 1935 wakaleta Model B, iliyotengenezwa kwa bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi ya simu na redio za zamani. Jerry Byrd, aliyezaliwa mwaka 1920 katika mji wa Lima, hapa hapa Ohio, alijijengea jina lake kwa magitaa haya ya bakelaiti, na wapigaji wengi hadi leo hawakubali kwamba kuna gitaa jingine la mapajani linaloimba namna hiyo.

Siri ya uimbaji huo iko kwenye pikapu, kifaa cha sumaku na waya kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Katika magitaa mengi ya umeme sumaku hukaa chini ya nyuzi, lakini Beauchamp alichukua sumaku mbili nzito zilizopindwa kama kwato la farasi, akazielekeza midomo, akapitisha nyuzi zote sita ndani yake na kuweka koili, yaani waya mwembamba uliosukwa mizunguko mingi, chini. Nyuzi zinatetemeka zikiwa zimezungukwa na sumaku juu na chini, na hapo ndipo panapotoka ule unene wa noti za chini na ule ulaini wa noti za juu ambao watu wanautolea fedha. Sumaku za kabla ya vita zilikuwa na upana wa inchi moja na nusu. Kiwanda kiliporudi kutengeneza magitaa baada ya vita, zilipunguzwa hadi inchi moja na robo. Mnunuzi yeyote makini wa Model B hupima upana huo kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na muuzaji yeyote wa vyombo hivi anajua kwamba robo inchi hiyo ndiyo inayopandisha na kushusha bei.

Kabla sijalipa niliwaandikia nikauliza waziwazi kama pikapu imewahi kuguswa. Walinijibu kwa maandishi, na ninayo barua pepe yao, kwamba gitaa "limehudumiwa kwa uangalifu" na kwamba kila kitu kiko kama kilivyoachwa na kiwanda.

Gitaa lilipofika niliweka rula juu ya sumaku. Inchi moja na robo. Nikafikiri labda lenyewe lilitengenezwa baada ya vita, lakini mwili unakataa, kwa maana nyuzi zimepitishwa kwenye matundu ya mwili wenyewe, kama ilivyokuwa zamani, na vibati vinavyofunika mashimo ya mwili ni vya kromu na si vile vilivyopakwa rangi nyeupe baadaye. Nikalegeza nyuzi na kuchunguza kwa tochi chini ya pikapu. Kwenye bati la chini kuna kivuli cha kutu na vumbi la miaka mingi, chenye pembe zilizonyooka, kinachoonyesha kabisa mahali sumaku za zamani zilipokaa. Nilipima kivuli hicho na kikatoka inchi moja na nusu kamili. Sumaku zilizopo sasa hazikifuniki, na skurubu zinazozishika ni mpya, zinang'aa, hazina hata chembe ya kutu.

Nilipowatumia picha hizo hawakukana. Walisema kwamba sumaku za zamani zilikuwa "zimechoka", hivyo fundi wao aliona ni vyema kuweka nyingine zenye nguvu, na kwamba zile za zamani hazipo tena dukani. Jibu hilo limeniudhi kuliko kosa lenyewe. Sumaku za chuma za wakati ule hupungua nguvu kweli, hasa zikigongwa, zikipashwa moto au zikitenganishwa bila kuwekewa kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake, lakini sumaku iliyopungua nguvu haijafa. Huchajiwa upya kwa mashine ya kuchajia sumaku, ya aina ile ile inayotumiwa na mafundi wa magneto, vile vifaa vya sumaku vinavyotoa cheche za kuwasha injini, za matrekta na pikipiki za zamani, na ni kazi ya dakika chache. Fundi asiyejua jambo hilo hafai kupewa gitaa lenye umri wa miaka zaidi ya 80, na fundi anayelijua kisha akazing'oa sumaku hizo alikuwa na sababu nyingine, kwa kuwa jozi ya sumaku za inchi moja na nusu ina soko lake peke yake. Hazipo dukani zimekwenda wapi? Swali hilo nimewauliza zaidi ya mara moja na kila mara wananijibu kuhusu sera yao ya kutorudisha fedha.

Sumaku hazikuwa mwisho wa uharibifu. Katika tangazo walijivunia kwamba mwili umerudishiwa mng'ao wake, na kwenye picha uling'aa kweli. Nilipofungua kibati kimoja cha kromu nikaona mng'ao huo ulivyopatikana. Chini ya ukingo wa kibati umebaki ukanda mwembamba wa ngozi ya asili ya bakelaiti, nyeusi tii na laini kama kioo; pale kibati kinapoishia kuna kidaraja unachokihisi kwa ukucha, na kuanzia hapo mwili wote ni wa hudhurungi iliyofifia, wenye vitundu vidogo vidogo, umefunikwa kwa nta ya kung'arisha. Wamepitisha mashine ya msasa. Bakelaiti hutengenezwa kwa kusindiliwa kwenye kalibu ikiwa na unga wa mbao ndani yake, na juu hubaki ngozi nyembamba ya utomvu mtupu. Ukishaiondoa unafika kwenye unga, na kwa kuwa bakelaiti haiyeyuki tena ikishaganda, hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha ngozi hiyo. Bakelaiti iliyofifia ilihitaji kitambaa, dawa laini ya kung'arishia na subira. Ukisugua kwa kidole gumba hadi ipate joto utasikia harufu ya fomalini, na harufu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba unashika kitu halisi. Gitaa langu linaitoa bado, nami nashukuru kwamba angalau mwili haukubadilishwa.

Nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa zimekatwa na kuwekwa za plastiki. Volyumu, ile swichi ya kupandisha na kushusha sauti, ni mpya. Mpasuko mdogo pale mkono unapoungana na mwili umejazwa supaglu iliyoacha ukungu mweupe, na gitaa zima lilisafirishwa nyuzi zikiwa zimekazwa hadi mwisho, jambo ambalo kwa chombo cha bakelaiti, inayovunjika kama sahani ikipata kishindo, ni uzembe usio na jina.

Sikatai kwamba vyombo vya zamani lazima vitengenezwe ili vipigwe. Koili iliyokatika haina budi kusukwa upya, na volyumu inayokwaruza hubadilishwa. Ninachokidai ni kile ambacho mafundi waaminifu hukifanya bila kuombwa: kila kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko na kukabidhiwa mwenye gitaa, na kila kilichobadilishwa kiandikwe katika tangazo. Gitaa hili lingeuzwa dola 1,000 pungufu likiwa na sumaku zake dhaifu, uso wake uliofifia na volyumu yake inayokwaruza, ningelinunua siku hiyo hiyo na kuzichajisha sumaku mwenyewe.

Nimeidai benki irudishe fedha zote kwa sababu bidhaa haikulingana na maelezo, nikaambatisha barua pepe yao, picha za rula na picha ya kivuli cha kutu. Duka nalo nimeliandikia kwamba niko tayari kubaki na gitaa kwa nusu ya bei ikiwa sumaku zilizotolewa zitarudishwa pamoja na zile skurubu zake za zamani, hawajajibu.

Wakuu mlioko huku Marekani ya Kaskazini, ninaomba mambo mawili. Mwenye kumfahamu fundi mwenye mashine ya kuchajia sumaku karibu na Ohio, awe wa magitaa au wa magneto, anielekeze. Na yeyote anayevinjari masoko ya vipuri vya magitaa akikutana na jozi ya sumaku za Rickenbacker za inchi moja na nusu zinazouzwa peke yake, kromu yake ikiwa imechubuka kwenye bega la sumaku moja na mkwaruzo mrefu ukikatiza nyingine kutoka ukingo hadi ukingo, kama zinavyoonekana katika picha za kwanza za tangazo ambazo nimezihifadhi, tafadhali aweke kiungo hapa chini kabla hazijauzwa.