Tupeane uzoefu: gemu za kaseti, PlayStation (PS) ya kijivu na magazini zake, nani bado ana hata ukurasa mmoja?

Mtoto wa Tandika

Wakuu kwema? Hii kitu nimekaa nayo muda, leo acha niimwage hapa.

2001 hivi nipo form two, Temeke, kuna bro jirani alikuwa na PS1 ile ya kijivu, imeshawekwa chip ya kukubali sidii za kunakili, sidii zote za kuchoma kutoka Kariakoo, zinakuja kwenye kinailoni na kikaratasi cha fotokopi, jina la gemu limeandikwa kwa maka peni. Tunacheza Metal Gear Solid kwa zamu, ukifa unapisha mwenzio. Sasa kuna sehemu mzee mmoja anamwambia Snake, yule tunayemchezesha, amtafute dada mmoja Meryl kwenye redio, frikwensi yake ipo nyuma ya kava la CD. Na Snake mfukoni kashapewa disk! Basi sisi akili yote kwenye ile disk. Tukaishika mkononi, tukaenda nayo kila chumba, tukasimama nayo mbele ya kila ukuta. Wiki mbili tumekwama pale pale, bro akawa anatukaripia kama vile sisi ndo tumeificha.

Kumbe mzee alimaanisha kava lenyewe bhana, lile boksi la plastiki la dukani! Nyuma yake kuna vipicha vya gemu, kimoja kina maongezi ya redio na namba imekaa pale, 140.15. Sisi kava tungelitoa wapi na gemu tumenunua kwenye nailoni?

Namba niliipata Posta, kwa mzee mmoja alikuwa anatandika vitabu vya mtumba chini kwenye turubai. Magazini ya Kiingereza, kava limeshang'oka, ukurasa wa mwisho una duara la kikombe cha chai. Nafungua hivi, Snake huyu hapa, na namba hii hapa. Anataka 500, mi nina 200 ya daladala. Nikamuomba tu niisome kidogo, akaniangalia, nikasoma kimoyomoyo mia arobaini nukta kumi na tano, mia arobaini nukta kumi na tano, nikairudisha kwenye turubai nikakimbilia basi. Njia nzima sikuongea na mtu nisije nikaipoteza.

Sasa hivi ninazo magazini 31, nyingi ni za Uingereza, zile Official PlayStation Magazine zilizotoka 1995 mpaka 2004, ambazo zilikuwa zinakuja na sidii ya demo mbele. Sidii ninazo nne tu, zingine watu walishazifanya vitisha ndege kwenye mahindi nadhani. Wife anauliza hivi hayo makaratasi unayasomaga saa ngapi. Hata sijui nimjibu nini. Ila ile yenye duara la chai sijaipata mpaka leo.

Haya tupeane, wewe ulianzia wapi na umebakiza nini?

Pedi ya Pili

140.15 hahahaha mkuu umenikumbusha mbali. Sisi tulianza 140.00 tukawa tunapandisha moja moja tunapiga simu kila kituo kama watu wanaotafuta Radio Free Africa (RFA) usiku. Ile Meryl kapokea, mdogo wangu alipiga kelele mama akatoka na mwiko.

Kaseti Moja Mwanza

Mi ni wa kabla ya hiyo PS. Mi ni wa zile TV game za Kichina za kaseti ya njano, ndugu zake Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya 1983 ila hilo jina la Nintendo sisi hatukuwahi kulisikia, kwetu gemu ilikuwa gemu. Kaseti imeandikwa 9999999 in 1, ukiingia gemu zipo kama tano tu zinajirudia, Mario ya kwanza Mario anaanza chini, ya mia tatu anaanza na uyoga, basi wameshahesabu gemu mbili lol. Ikigoma unachomoa unapuliza unarudisha. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba Nintendo wenyewe walikuwa wanakataza kupuliza, mate yanaozesha zile meno za shaba. Tumeua kaseti ngapi jamani kwa pumzi zetu wenyewe.

Sasa kwenye Contra, ile gemu ya bunduki. Shuleni kulikuwa na jamaa anauza kodi, yaani siri za kubonyeza pedi ili gemu ikubebe. Anauza!! Kila kodi shilingi 50, unalipa kwanza, haandiki popote, anakuvuta nyuma ya choo anakunong'oneza mara moja tu, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, ukisahau unalipa tena. Na wengi tulilipa mara mbili maana ile kushoto kulia inachanganya ukiwa na furaha. Ukifika nyumbani unapata maisha 30 badala ya matatu, mtaa mzima unakuita fundi.

Siku moja wakati wa mpira kiatu kikamvuka, ndani ya kiatu kuna karatasi imekunjwa mara nane hivi. Ukurasa wa magazini. Shangazi yake alikuwa Uingereza, alituma vyombo, na kila kikombe kilifungwa kwenye ukurasa. Bibi kazitupa zote jikoni za kuwashia moto, yeye kaokoa mmoja. Biashara ya mihula miwili imetoka kwenye karatasi ya kufungia kikombe.

Halafu hiyo kodi yenyewe aliyeiweka hakutaka hata tuijue. Ni Mjapani wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, alikuwa anahamishia Gradius kwenye Famicom 1986, gemu ikamshinda kuimaliza wakati wa kuijaribu, akajiwekea njia ya panya, ikatoka nayo mpaka dukani. Alifariki 2020. Jamaa wa kiatuni sasa hivi ana duka la simu Nyakato na bei zake ni zile zile za kukunyonga.

Fundi wa Yadi

Niaje wasee wa bongo, mimi niko Mombasa. Kazi yangu ni magari yakishuka kwa meli kutoka Japan, tunayaosha, tunacheki betri, tunatoa takataka. Na Mjapani anaacha vitu nyuma walahi. Ramani, visandali, miamvuli kibao, mara kaseti za muziki.

2009 hivi nikafungua Probox, chini ya spea tairi nikapata magazini nono imechapwa Kijapani na kurasa zafunguliwa kinyume, yaani mwisho ndio mwanzo. Sisomi hata herufi moja. Lakini nikafika kurasa ya katikati nikaona picha ya Winning Eleven, ile gemu ya mpira. Si picha tu, ilikuwa menyu! Ile menyu mimi naijua kuliko jina langu, maana pale kwetu Majengo tulikuwa tukicheza ya Kijapani miaka na miaka, hakuna aliyejua kusoma, lakini kila mtoto alijua mstari wa tatu ni wa kubadilisha fomesheni na ule wa mwisho usiguse utafuta memori kadi. Nikakaa kwa ile Probox mlango wazi naisoma menyu kwa kidole kama mtu asomaye Kurani. Bosi akapita akauliza kuna shida gani kwa hii gari.

Tangu hapo kila gari nainua kapeti. Kwa miaka yote hii nimepata kumi na moja, saba ni hiyo hiyo aina moja. Kuna kitu sikielewi hadi leo, kila gemu ina namba nne kando, kama 8 7 8 9, hivyo. Nani anajua ni nini?

Mtoto wa Tandika

Mkuu hiyo ni Famitsu, magazini ya gemu ya Japani! Ilianza 1986. Hizo namba nne ni watu wanne, kila mmoja anatoa maksi zake juu ya 10, jumla 40. Na walikuwa wabahili, gemu ya kwanza kupata 40 yote ni Zelda ya Ocarina of Time 1998, miaka kumi na mbili wanachapa hawajampa mtu. Umekalia dhahabu chini ya kapeti aisee.

Fundi wa Yadi

Manze. Na mimi nilidhani ni bei.

Sioni Haja

Samahani kuwaharibia sherehe. Vyote hivi si vipo mtandaoni? Internet Archive imejaa magazini zilizoskaniwa, na wale Video Game History Foundation wa Marekani Januari 2025 wamefungua maktaba ya bure yenye magazini zaidi ya 1,500 ambazo hazichapwi tena, unatafuta hata neno moja linakuja. Mtu na akili zake anajaza stoo makaratasi ya nini, mchwa wale?

Mtoto wa Tandika

Hujaharibu kitu mkuu, na hiyo maktaba naitumia, bila hiyo nisingejua hata ninachotafuta. Na kazi yao naiheshimu maana hao hao ndo walionyesha 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani huwezi kuzinunua tena kihalali popote. Sasa kama gemu yenyewe haipo dukani, iliyobaki ni habari zake tu.

Ila ngoja nikwambie kimoja. Nina toleo moja la Krismasi, nimelitoa kwa muuza mtumba wa Karume, lilikuwa katikati ya marobota ya nguo za watoto. Ndani kuna kurasa za matangazo ya bei, na kuna mtoto kapita na kalamu ya bluu. Gemu anazotaka kaweka tiki. Kaweka tiki tisa. Halafu karudi kafuta tano. Halafu pembeni kajumlisha paundi, kakosea kubeba moja, akajumlisha tena, akafuta gemu nyingine mbili. Zimebaki mbili na moja kaizungushia duara mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Mi nilikuwa najua wazungu wananunua tu. Hiyo kwenye skani utaipata wapi, skani wanatafuta kopi safi.

Sioni Haja

Sawa hapo nimekuelewa kidogo. Kidogo.

Binti Darajani

Asalaam alaykum. Msifikiri ni wanaume tu. Ami yangu alikuwa Muscat, kila akija mwezi wa Ramadhani analeta vitu, kaka zangu wanaletewa gemu, mie naletewa magazini za Kiingereza kwa sababu "binti anapenda kusoma". Kwa hiyo mie skuli nzima ndo nilikuwa najua gemu bila kushika pedi. Kaka wakikwama wananiita chumbani, "we njoo utusomee hapa tufanyeje". Nikaanza kudai zamu. Bila zamu sisomi! Resident Evil ya pili niliimaliza mie si wao, na waulizwe.

Ila jamani anayeishi pwani asikilize. Zangu nilikuwa nazo zaidi ya arobaini ndani ya sanduku la mninga kwa bibi, nyumba ya Mji Mkongwe, ukuta unatoa jasho. Masika moja tu. Zile karatasi za kung'aa zikilowa zinashikana zinakuwa kama tofali, ukizibandua picha inabaki upande huu na maneno upande ule. Na pini za katikati zikashika kutu, kutu ikatembea kurasa sita sita. Nikajaribu kupitisha pasi yenye joto dogo, usijaribu, wino uliganda kwenye pasi na kanzu ya baba ikapata uso wa Crash Bandicoot, yule mnyama wa gemu, mgongoni. Ijumaa.

Zimebaki tisa. Sasa kila moja ina mfuko wake wa nailoni ngumu, nimechomoa pini zote nimeshona kwa uzi, na ziko juu ya kabati si chini. Harufu ya naftalini haitoki lakini mende hawaji.

Kaseti Moja Mwanza

Kanzu Ijumaa 😂😂😂 nimecheka hadi mteja kaondoka

Ngarenaro hadi Minnesota

Mi nina kesi na magazini. 1994 Arusha, rafiki yetu alikuwa na Sega, tunapigana Street Fighter II. Binamu yake wa Marekani akamtumia fotokopi ya ukurasa kwenye barua: kuna mtu wa siri anaitwa Sheng Long, mwalimu wa Ryu, mmoja wa wapiganaji wa gemu. Kumpata unatumia Ryu, hupigwi hata ngumi moja gemu nzima, halafu ukifika kwa bosi wa mwisho usimpige wala asikupige, muda uishe, raundi kumi, ndo mzee anatokea.

Wazee, likizo ya Desemba yote. Mimi vidole vilitoka malengelenge. Tuliweka zamu ya kulinda swichi ya ukutani mtu asipite akaigusa. Kuna mmoja alifika kwa bosi bila kuguswa, raundi ya kwanza akapigwa, akalia kabisa, kijana wa miaka 15.

Ilikuwa sikukuu ya wajinga!! EGM, magazini ya gemu ya Marekani, toleo la Aprili 1992. Waliitunga kutokana na sentensi ya Ryu iliyotafsiriwa vibaya, ile ngumi ya shoryuken ikageuka kuwa jina la mtu. Na sisi tumeipata Desemba miaka miwili baadaye kwenye fotokopi, hatuoni tarehe, hatuoni Aprili.

Nipo Minneapolis sasa, jumamosi nazunguka maduka ya mitumba ya huku na watu wanaouza vitu garejini. Hilo toleo nimelipata, nimelilipia dola nyingi kuliko ninavyoweza kuandika hapa mke asome. Nimelikodolea macho nikaona aibu upya.

Pedi ya Pili

Kidogo nje ya mada ila ni kilio. Nimemnunulia mwanangu ile TV game yenye bastola ya kupigia bata, nikachomeka kwenye flati, haipigi hata bata mmoja, mbwa wa kwenye gemu anatucheka tu. Nikajua nimeuziwa feki. Kumbe ile bastola haitoi risasi yoyote, yenyewe inachungulia mwanga, ukivuta kitufe skrini inageuka nyeusi kufumba na kufumbua na bata anakuwa kiboksi cheupe, bastola ikiona cheupe umepiga. Flati inachelewesha picha hivyo bastola inaona giza. Inataka TV ya chogo. Sasa nazunguka na familia kutafuta TV ya chogo ambayo mwaka juzi nilimlipa mtu aende nayo.

Mtoto wa Tandika

Chogo ninayo moja inchi 14, imekaa juu ya sidiria za kabati la wife, njoo uichukue kabla hajaiona hii sentensi.

Fundi wa Yadi, hizo kumi na moja usizitupe wala usifungie vitu. Mbili tatu tubadilishane, mi nina PlayStation za Uingereza zilizojirudia, toleo moja ninalo mara tatu. Nitumie picha za makava na uzito, kesho napita Ubungo kuuliza mabasi ya Tanga Mombasa wanachaji kifurushi bei gani. Na Binti Darajani hizo tisa zako hebu angalia, kuna yoyote haina kava na ina duara la chai ukurasa wa mwisho?

Binti Darajani

Haina kava ipo moja. Duara ni la kahawa, na nimeliweka mie.