Naomba msaada: klayenti wanaongea kwa mafumbo na minitsi zinatakiwa kesho

Habari zenu wadau. Mimi ndio huandika minitsi, yaani kumbukumbu za mikutano, ofisini, hapa Westlands, klayenti mmoja yuko London mwingine Chicago na tunakutana kwa video. Kiingereza nimesoma tangu nasari lakini hawa wakianza mafumbo nashika neno moja moja na maana yote inaniponyoka. Leo wa Chicago amesema "let's table the budget", wa London akafungua mahesabu aanze kuyasoma, mwenzake akashangaa, wakarukia mambo mengine. Sasa niandike bajeti ilijadiliwa ama ilisongeshwa? Kuna pia "give me a ballpark" na "we'll touch base Thursday". Bosi anazitaka asubuhi, tafadhali.

Karani_Mstaafu: Dada, wote wawili walikuwa sawa. Uingereza ku-table ni kuleta jambo lijadiliwe, na sisi tulirithi hiyo, ndio maana unasikia ripoti imekuwa "tabled" Bungeni. Marekani ni kinyume kabisa, ni kuliweka kando. Kwa hivyo kabla ya kuuliza msemo una maana gani uliza kwanza anayesema ametoka wapi, hilo watu wengi huliruka. Aliyesema ni wa Chicago, basi nadhani ilisongeshwa, lakini usiandike kwa kudhania, muulize usiku huu kwa maneno ya kawaida tu, "so we are leaving the budget for a later meeting, correct?" Hakuna mtu hukasirika akiulizwa hivyo.

wa_Umoja: ballpark ni uwanja wa besiboli, anataka makadirio tu si hesabu kamili. touch base pia wanaihusisha na besiboli, ni kuwasiliana kidogo tu mjue mmefika wapi

Mama Njeri: Na usitafute neno moja moja kwa kamusi mpenzi, tafuta msemo mzima. Ukimwambia mgeni fulani amemwaga unga akatafuta "unga" peke yake atajuaje mtu amefutwa kazi?

Mwenye uzi: Asanteni sana, nimemwandikia na amejibu saa hii, imesongeshwa hadi Alhamisi. Huyu wa London naye husema "sticky wicket", hiyo ni nini?

Karani_Mstaafu: Hiyo ni kriketi, nenda klabu ya Gymkhana pale Ngara wazee watakueleza vizuri. Uwanja ukilowa halafu uanze kukauka mpira unadunda ovyo, anayepiga anateseka. Anamaanisha mko mahali pagumu. Na akisema kazi yenu ni "quite good" usikimbilie kuandika amefurahi, Mwingereza mara nyingi anamaanisha ni nzuri kiasi tu, Mmarekani ndiye huwa amesifu kweli. Muulize angetaka nini kirekebishwe, uandike jibu lake vile alivyolisema.